Stendi Nyepesi, Jiwe la Kinoo

Mimi Peres nina mdomo, sikatai. Kileleshwa yote ya wakati ule, wapishi kwa mashamba boi, walijua kwamba nikikasirika nasikika hadi barabarani. Kwa hivyo nitaieleza habari ya stendi jinsi ilivyokuwa, na mkiona nimepandisha sauti mnivumilie. Miaka imekwenda na bado sijapoa.

Mwaka wa hamsini na saba nilikuwa dobi kwa memsahib mmoja hapo Kileleshwa. Tulikaa boi kota, chumba kimoja nyuma ya nyumba, mimi na mume wangu Dalmas na binti yetu Lornah, miaka saba, mtoto wa pekee. Dalmas alikuwa mpiga picha wa kutembea. Hakuwa na duka wala studio. Jumamosi alikuwa soko la Dagoretti, Jumapili nje ya makanisa, na siku nyingine alipanda hadi Kinoo, akasimamisha kamera kando ya barabara, na watu wakamjia wamevaa nguo zao nzuri. Picha zake ziko katika nusu ya nyumba za upande ule, nawaapia.

Na katika nyumba zote hizo, nyumba moja tu haikuwa na picha ya mtoto wake. Yangu!

Mama yake Dalmas alikuwa kwao Gem na hajamwona mjukuu wake hata siku moja. Kila barua ilimalizika vilevile: nitumieni uso wa mtoto nione ametoka kwa nani. Kila barua nilimsomea Dalmas mara mbili, ya pili kwa sauti kubwa zaidi. Naye hujibu polepole, kwa ile sauti yake ya kutengeneza saa, "Mama Lornah, filamu ina picha kumi na mbili, na kila picha ina mwenyewe. Mtoto yuko tu hapa. Anakwenda wapi?"

Anakwenda wapi. Hayo maneno nayasikia hata nikikoroga uji.

Sasa, kamera yake ilikuwa ile ya macho mawili, ambayo mpigaji haiinui machoni. Anainama, anatazama kioo kilichoko juu yake, na humo anamwona mtu amegeuzwa, kulia kumekuwa kushoto. Lornah aliupenda mchezo huo. Baba yake akimruhusu kuchungulia, mimi nasogea huku, na ndani ya kioo nakwenda kule, na mtoto anacheka mpaka anakaa chini. Kamera yenyewe haikuwa na shida. Shida ilikuwa stendi, yaani ile miguu mitatu ya kuisimamishia. Ilikuwa ya mbao na vyuma, nzito ajabu, aliinunua kwa mzee mmoja aliyestaafu. Dalmas aliibeba begani kutoka Kileleshwa mpaka Dagoretti na kurudi, na bega lile likafanya sugu, halafu likawa kidonda. Mimi ndiye niliyekuwa nalikanda kwa maji ya chumvi huku nikimgombeza.

"Tafuta nyepesi," nikamwambia. "Au unangoja nikubebe na wewe?"

Alhamisi moja ya Julai, jioni yangu ya mapumziko, tukashuka mjini sote watatu mpaka Bazaar Street, duka la Bwana Kanji aliyekuwa akimwuzia filamu. Bwana Kanji akatoa stendi mbili. Ya kwanza ilikuwa ya aluminiamu, miguu myembamba inayoingiana vipande vinne, na juu yake kichwa cha gololi: unalegeza skrubu moja tu, kamera inalala upande wowote unaotaka. Ya pili ilikuwa nene kidogo, vipande vitatu, na kichwa chake kilikuwa na mkono wa kushika, kinakwenda juu na chini, kulia na kushoto, basi.

"Hii ya gololi hata mtoto anabeba," Bwana Kanji akasema. Lornah akaichukua papo hapo, akaiweka begani na kutembea nayo duka zima kwa madaha, mkono mmoja kiunoni, akimwigiza baba yake. Hata Bwana Kanji alicheka.

Mimi ningelipa tukaenda zetu. Lakini Dalmas, wee! Dalmas hanunui hata kiberiti bila kukipima. Akaanza maneno yake. Nyepesi ni nzuri kwa bega, lakini upepo je? Julai Nairobi haina jua, kamera lazima ifumbue jicho lake muda mrefu kidogo ili ipate mwanga, na stendi ikitikisika wakati huo, sura ya mteja inakuwa moshi. Humu dukani hakuna upepo, atajuaje? Bwana Kanji alimjua kwa miaka mingi. Akamwambia, "Chukua zote mbili, pima, rudisha Jumatatu. Niachie amana kidogo."

Njiani kurudi Dalmas akasema Jumamosi atakwenda Kinoo, pale juu penye upepo, atumie filamu nzima kwa kupima, na Lornah ndiye atakayesimama mbele ya kamera. Moyo wangu uliruka. Filamu nzima! Picha kumi na mbili za mwanangu! Sikumjibu, nisije nikamfanya abadili nia.

Ijumaa ile nilimshonea Lornah mifuko miwili kwenye gauni lake la buluu, kwa sababu alikuwa amelilia mifuko tangu Krismasi. Nikamsuka. Jino lake la mbele lilikuwa linacheza, nikalifunga uzi na kuling'oa, asije akatoka kwenye picha limening'inia. Dalmas akaniomba nimkorogee gundi ya unga. Akachukua gazeti, akalibandika juu ya kipande cha ubao mwepesi. Nikamwuliza la nini. "La kupimia," akasema. "Herufi ndogo ndizo zinazosema ukweli." Nikadhani ubao ule atautundika mtini, na mtoto asimame kando yake. Nani angedhani vingine?

Jumamosi wakaondoka asubuhi na mapema, Lornah na stendi nyepesi begani, baba yake na ile nyingine. Mimi nilibaki na mashuka ya memsahib. Walirudi alasiri. Lornah alikuwa na tope jekundu mikononi, na ndani ya mfuko wa kitambaa alikuwa amebeba jiwe la ukubwa wa viazi viwili.

"Hilo jiwe la nini humu ndani?" nikafoka. "Mmekosa cha kubeba?"

"Ni la stendi, Mama," akasema. "Upepo ukija unalining'iniza hapa katikati, kwa kulabu, stendi inatulia. Mimi ndiye niliyeliona."

Kweli, ndivyo ilivyokuwa. Stendi nyepesi ilitetemeka kule juu, Dalmas akafikiri kuining'inizia kitu kizito, na mtoto akamwokotea jiwe. Nilitaka kuliosha lile tope kabla halijachafua chumba. Lornah akalikumbatia kifuani, akanijibu kwamba baba yake amesema libaki jinsi lilivyo. Nikamwambia ana kichwa kigumu, na nikamwambia na aliyempa kichwa hicho.

Dalmas aliosha filamu Jumapili jioni, blanketi dirishani kuzuia mwanga. Jumatatu asubuhi akanitandazia picha kitandani, amechangamka, kioo cha kukuzia mkononi.

"Tazama hizi, kichwa cha gololi. Unaona herufi zilivyovutika? Hizi, ni kichwa cha mkono. Na hizi sasa, miguu ile myepesi, lakini nimeivisha kichwa cha mkono na kuning'iniza jiwe. Soma hapa. Soma!"

Nilisoma. Bei ya mahindi ilisomeka, na tangazo la sabuni. Nikasogeza picha moja, nikasogeza ya pili, ya tatu. Zote ni gazeti. Gazeti lililojaa picha nzima, na huku na huku pembeni vidole vya mtoto vimeushika ubao. Juu kidogo, mstari wa nywele nilizosuka mimi. Chini, miguu.

"Uso uko wapi?" nikauliza.

"Nilikuwa napima stendi," akasema. "Gazeti lilitakiwa liwe pale uso wa mteja unapokaa."

Sitawaambia yote niliyosema. Memsahib alitoka mpaka veranda. Nilipoishiwa pumzi nikazihesabu, zikawa kumi na moja. "Na ya kumi na mbili?"

"Hiyo iliharibika. Alichoka, akashusha gazeti wakati kamera imefumbua. Haikunifaa kwa kupima." Halafu akanishika mkono. "Mama Lornah, nisikilize. Leo nakwenda kwa Bwana Kanji, nachukua miguu myepesi na kile kichwa cha mkono. Jumapili inayokuja, picha ya kwanza kabisa juu ya stendi mpya ni ya Lornah. Uso mtupu. Tunaipeleka Gem."

Lornah alikuwa mlangoni. Akarukaruka. Nami, nisiseme uongo, nikalainika.

Bwana Kanji alikubali kubadilisha vichwa, stendi ikaja nyumbani. Wiki ile Lornah alikuwa na kazi moja tu, kujizoeza. Alisimama ukutani, kidevu juu, akiniuliza, "Hivi, Mama? Au hivi?" Alhamisi akalivaa gauni la buluu asubuhi nikamwambia alivue, ni la Jumapili. Akasema hawezi kujizoeza na nguo nyingine. Mchana akasema kichwa kinamwuma. Jioni shingo ilikuwa haipindi. Tulimpeleka hospitali, wakafanya walilojua kufanya, nami sina neno nao, walihangaika. Jumamosi alfajiri mwanangu akafa.

Jumapili tulimzika, hapahapa Nairobi. Jumapili ile ile.

Dalmas alipeleka telegramu Gem, na mama yake akapanda treni. Alifika Jumanne adhuhuri, mwanamke mrefu, miguu imevimba kwa safari. Alipoambiwa mtoto yuko ardhini tangu juzi hakulia kwanza. Alikaa juu ya kitanda kile tulichokuwa nacho, akatazama wanawake waliokuja kutupa pole, akasema kwa upole kabisa:

"Basi nionyesheni uso wake. Mpiga picha ni mwanangu. Leteni nimwone."

Hapo ndipo nilipolipuka. Mbele ya wageni, mbele ya mama yake mzazi. Nilizitoa zile picha chini ya godoro nikazimwaga mapajani mwake. "Mtazame mjukuu wako! Huyo hapo, nyuma ya bei ya mahindi! Miaka saba nimemwomba mwanao, miaka saba! Wa watu wote amewapiga, mpaka ng'ombe wa Dagoretti amewapiga, na wake akamfunika gazeti! Eti anapima! Haya, umepima, Dalmas? Umeridhika?"

Hakuna aliyenizuia. Mama mkwe alichukua picha moja, akapitisha kidole chake juu ya vile vidole vidogo, kimoja kimoja, hadi vyote vinane. Ndipo akalia. Dalmas alikuwa amesimama karibu na mlango.  Aliponyamaza mama yake, akasema:

"Iko moja. Ile ya kumi na mbili. Uso ulionekana."

"Si ulisema imeharibika?"

"Kwa kupima. Lakini uso ulikuwepo. Naweza kuisafisha, picha ikatoka." Akaongeza: "Ile filamu yake niliikata nikampa achezee. Alitaka kutazama jua kwa kupitia humo. Akaitia mfukoni."

"Mfuko gani?"

"Wa lile gauni la buluu."

Sasa sikilizeni. Kazi yangu ni dobi. Kitu cha kwanza dobi anachofundishwa, kabla ya sabuni, ni kukagua mifuko. Suruali ya bwana, koti la memsahib, aproni ya mpishi, naigeuza mifuko yote nje. Nimetoa humo barua, kalamu, pete ya ndoa, nikarudisha kila kitu. Miaka sita sijaharibu hata tikiti ya basi. Na asubuhi ile ya Jumanne nilikuwa nimekusanya nguo za mwanangu kwa sababu waliniambia nguo za mgonjwa zichemshwe. Nilizitia zote katika pipa la memsahib la kuchemshia, nikachochea moto. Mifuko ile sikuikagua. Niliishona kwa mikono yangu mwenyewe, nikasahau kwamba iko.

Nilitoka nje mbio. Gauni lilikuwa kambani, linadondosha maji. Nikatia mkono mfuko wa kushoto, mtupu. Wa kulia nikagusa kitu laini, cha mraba, kimejikunja. Nikakitoa. Kilikuwa kipande cha filamu kisicho na chochote, picha imeyeyuka yote, kinaonyesha upande wa pili. Niliona mkono wangu kupitia humo, na kamba, na nyasi.

Nilifikiri kukitupa motoni. Nawaambia ukweli, nilifikiri. Ningerudi ndani niseme sikuona kitu, mtoto alikipoteza, na lawama ingebaki pale nilipokuwa nimeiweka. Lakini Dalmas alikuwa amenifuata. Akakichukua mikononi mwangu, akakiinua juu mbinguni kama anavyofanya na filamu zote, jicho moja limefumba. 

"Maji yalikuwa ya moto?" akauliza.

"Yalichemka," nikasema.

Akatikisa kichwa polepole. Nilingoja. Nilitaka anipige, anitukane, aite watu waje waone, anifanyie yale niliyomfanyia dakika tano tu zilizopita. Hakufanya. Alinishika bega, na mimi sauti yangu yote ikaniishia, nikaanguka pale penye kamba nikalia kama nilivyopaswa kulia Jumapili.

Mama mkwe akaja kututafuta. Aliona kile kipande, akatutazama, akaelewa bila kuambiwa. Akajishusha akakaa juu ya beseni langu lililopinduliwa.

"Ninyi mlimwona," akasema. "Niambieni ninyi."

Dalmas akaanza. Alisema katika picha ile Lornah ameshusha gazeti mpaka kidevuni, upepo umempeperusha nywele za pembeni, anacheka kwa sababu alijua baba yake atakasirika. Jicho moja limefumba kidogo. Na pengo linaonekana, pale mbele, upande wa kulia.

"Kushoto," nikasema.

"Kulia, Mama Lornah. Nilimwona."

"Ulimwona ndani ya kioo! Kioo chako si kinageuza watu? Mimi ndiye niliyeling'oa jino, kwa uzi, pale kitandani!"

"Nimekwisha geuza," akasema. Halafu akasita. "Nadhani nimekwisha geuza. Nilimwona kushoto, nikageuza ikawa kulia. Au nilimwona kulia…" 

Mama mkwe akanigeukia mimi. Nikafungua mdomo niseme kushoto. Nikakumbuka mtoto amenielekea, kichwa nyuma, uzi mkononi mwangu. Kushoto kwangu, au kushoto kwake? Nikaweka kidole kwenye meno yangu upande huu, nikakihamisha upande ule. Siku kumi na moja tu zilikuwa zimepita. Mimi Peres, mwenye mdomo, sikuwa na la kusema, na mama mkwe akangoja, akangoja, mwishowe akasema si neno, watoto waliong'oka jino wote wanafanana.

Aliondoka kurudi Gem na picha moja ya vidole.

Dalmas aliitumia stendi ile miaka ishirini na miwili, na haikumchosha bega hata siku moja. Popote alipoisimamisha aliining'inizia jiwe lile lile katika mfuko wake. Kihara, mwenye hoteli ya chai pale Kinoo, hakuchoka kumcheka. "Mzee, umenunua stendi nyepesi halafu unabeba jiwe kutoka Kileleshwa? Kinoo imeishiwa mawe?" Dalmas alicheka naye, akaagiza chai. Hakumweleza.

Sasa Dalmas naye ametangulia, na stendi nimempa kijana wa dada yake anayejua kuitumia. Jiwe nimebaki nalo. Liko hapa kitandani chini ya mto, na lile tope jekundu lingali juu yake, limekauka, na katika tope hilo ziko alama ndogo za mtu aliyelishika kwa mikono miwili. Nimeosha nguo za watu miaka arobaini. Jiwe hilo sijaliosha.